Imejizima Yenyewe: Vibwengo wa Angani na Mashine za Wodini

Mashine ya oksijeni inaposimama usiku wa manane wodini, sentensi ya kwanza kusemwa haina mtenda. "Imejizima." Pampu ya dripu nayo "imejifunga", mashine ya kufyonza "imejigomea". Kiswahili kimejaliwa kiambishi kidogo, -ji-, ambacho humwezesha msemaji kuipa mashine nafsi na papo hapo kumwondoa kila binadamu katika tukio. Hakuna muuguzi anayeamini kwa dhati kwamba mashine ina nia yake. Hata hivyo, zamu inapokabidhiwa asubuhi kwa neno hilo moja, jambo limekwisha: mashine ilijizima, mgonjwa akahamishiwa kwenye mtungi, kukapambazuka. Mtu atatania kwamba mashine ile ina jini lake, wenzake watacheka, na fundi hataitwa mpaka itakapojizima tena.

Marubani wa Jeshi la Anga la Uingereza walikuwa na neno lao kwa mambo ya namna hiyo. Walisema ni kazi ya gremlini. Neno hilo lilianza kutumika miongoni mwao katika miaka ya 1920, hasa kwenye vituo vya ng'ambo, likaenea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Gremlini, kwa maelezo yao, alikuwa kijitu mtundu, kibwengo wa zama za injini. Hunywa petroli ya ndege, hutafuna nyaya, huchezea mishale ya vipimo, na rubani anapokaribia kutua husogeza uwanja kidogo chini ili magurudumu yagonge ardhi kwa kishindo.

Aliyemtangaza gremlini duniani aliwahi kuishi Dar es Salaam. Roald Dahl, kijana wa Kiingereza aliyezaliwa na wazazi wa Norway, alifika huko mwaka 1938 kuifanyia kazi kampuni ya mafuta ya Shell. Alijifunza Kiswahili, na vita vilipozuka mwaka 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Mwaka 1943 kitabu chake cha kwanza cha watoto, The Gremlins, kilichapishwa kwa ushirikiano na Walt Disney. Katika hadithi hiyo vijitu hao huharibu ndege kwa kulipiza kisasi, kwa sababu msitu wao ulifyekwa ili kijengwe kiwanda cha ndege. Baadaye hushawishiwa, wakafundishwa kuzitengeneza ndege zile zile walizokuwa wakizivunja.

Ajali iliyompata Dahl mwenyewe haikuwa na kijitu hata mmoja. Tarehe 19 Septemba 1940 aliagizwa kuipeleka ndege mpya kwenye kikosi chake katika jangwa la magharibi ya Misri. Alifika mahali alipoelekezwa asione kikosi. Mafuta yalikuwa yakikaribia kwisha na jua likizama, akajaribu kutua mchangani, magurudumu yakagonga jiwe. Fuvu lake lilipasuka, pua ikavunjika, na kwa muda akapoteza uwezo wa kuona. Kwa masimulizi yake ya baadaye, uchunguzi wa jeshi ulionyesha kwamba mahali alipoambiwa aende hapakuwa mahali kikosi kilipo. Taarifa mbaya ilitoka kinywani mwa mtu mmoja ikaingia kwenye ramani ya mwingine. Mtu yeyote aliyewahi kupokea zamu kwa maneno ya haraka mlangoni, huku anayeondoka ameshavaa koti lake, anaijua ajali ya aina hiyo.

Si haki, pamoja na hayo, kuwacheka marubani waliomzungumza gremlini. Utani huo ulikuwa na huruma ndani yake. Rubani aliyerudi na injini inayokohoa juu ya bahari alikuwa na kila sababu ya kumkabili fundi wake kwa hasira, na fundi alikuwa na kila sababu ya kujibu kwamba injini ilikuwa salama mpaka ilipoangukia mikononi mwa rubani yule. Kesho yake wawili hao walipaswa kuaminiana upya, mmoja akiweka roho yake katika spana ya mwenzake. Kwa kumtaja gremlini, rubani aliweza kuleta habari mbaya bila kumtuhumu mtu, na fundi aliweza kuipokea bila kujitetea. Watu wanaofanya kazi ya hatari pamoja huhitaji lugha ya namna hiyo.

Lakini gremlini alikuwa na mipaka yake, na hapa ndipo hospitali nyingi zimechukua nusu ya somo na kuiacha nusu nyingine. Kijitu yule alikaribishwa kwenye meza ya chakula na kwenye nyimbo za jioni. Karakanani kulikuwa na Fomu 700, daftari la matengenezo la kila ndege, ambamo hitilafu iliandikwa, aliyeitengeneza akatia saini, na rubani naye akatia saini kabla ya kuruka. Hakuna fundi aliyeruhusiwa kuandika "gremlini" na kufunga kifuniko cha injini. Utani ulipunguza uchungu. Daftari lilitafuta chanzo. Wodi iliyobaki na utani bila daftari imebaki na kibwengo peke yake.

Masimulizi ya gremlini yalishamiri sana miongoni mwa marubani wa ndege za upelelezi, waliopiga picha wakiwa peke yao kwenye kimo cha kilomita tisa hivi. Mhudumu wa afya hawezi kuyasikia bila kufikiria oksijeni. Katika kimo hicho, mtu asiye na hewa ya ziada hubaki na dakika moja au mbili tu za akili timamu, na ubaya wa upungufu wa oksijeni ni kwamba humnyang'anya mtu kwanza uwezo wa kuutambua. Hujisikia vizuri, pengine hata mchangamfu, huku hesabu ndogo zikimshinda na vidole vikikosea swichi. Mvuke wa pumzi uliweza kuganda ndani ya barakoa na kuziba njia ya hewa. Kwa rubani ndege ilionekana kuwa imeshikwa na wazimu, kumbe ni tonge la barafu lisilozidi ukucha.

Yapo basi maelezo mawili yanayofunga uchunguzi kabla haujaanza. La kwanza ni kibwengo. La pili lina heshima zaidi, huvaa suti na huandikwa kwenye barua rasmi: uzembe. Mkuu anayesema "muuguzi alizembea" hujiona amemfukuza kibwengo na kuleta sababu ya kweli. Mara nyingi amembadilisha jina tu. Neno "uzembe", kama neno "jini", halimwambii mtu yeyote kwa nini jambo lilitokea leo na si jana, wala litazuiwaje kesho.

Wanasaikolojia walioajiriwa na jeshi la Marekani wakati wa vita hivyo hivyo walilithibitisha hilo. Marubani wa ndege kubwa za mabomu walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa bado inakimbia uwanjani, wanakunja magurudumu badala ya mabawa madogo ya kupunguza mwendo. Ndege inalala kifudifudi. Jeshi liliandika kwamba ni makosa ya rubani. Alphonse Chapanis, aliyepewa suala hilo mwaka 1943, aligundua kwamba katika ndege hizo vishikio viwili vya kazi hizo vilikuwa karibu karibu na vyenye umbo moja, na kwamba marubani wa ndege za mizigo, ambazo vishikio vyake vilikuwa tofauti, hawakupatwa na balaa hilo. Alishauri kishikio kimoja kivikwe umbo la gurudumu na kingine umbo la kabari, ili mkono uliochoka ujue umeshika nini bila msaada wa macho. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua matukio 460 yaliyoitwa makosa ya marubani katika kutumia vishikio na swichi. Karibu nusu yalikuwa ya kushika kitu kimoja ukidhani ni kingine. Wazembe kwa mamia, wote wakizembea kwa namna ile ile mahali pale pale! Mtu mwadilifu hulazimika kuanza kukitilia shaka chombo.

Tiba ilipata gremlini wake mwaka 1985. Mashine ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, ilikuwa ikiongozwa na kompyuta. Kati ya mwaka huo na 1987 iliwaunguza wagonjwa sita katika hospitali za Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa. Kisa cha mjini Tyler, Texas, kinastahili kusimuliwa kwa urefu.

Machi 1986, opereta mzoefu alichapa herufi isiyo sahihi alipokuwa akichagua aina ya mionzi, akaiona, akairekebisha kwa haraka ya mtu anayeijua kazi yake. Mashine ilisimama na kuonyesha maneno "Hitilafu 54". Ilikuwa na desturi ya kusimama hivyo kwa sababu ndogo ndogo, naye alikuwa na desturi ya kubonyeza kitufe cha kuendelea. Akabonyeza. Upande wa pili wa ukuta mgonjwa alihisi kama amepigwa na umeme mgongoni, akajaribu kuinuka, akapigwa tena. Siku hiyo kamera ya kumwangalia mgonjwa haikuwa imechomekwa, na kipaza sauti kilikuwa kibovu. Alikuwa amepokea kipimo cha mionzi kinachokadiriwa kuzidi mara 90 kile kilichokusudiwa. Alifariki miezi mitano baadaye.

Wahandisi wa kampuni walifika, wakaijaribu mashine, haikuonyesha kosa lolote. Walieleza kwamba haiwezi kuzidisha mionzi, wakadokeza labda ni shoti ya umeme. Shoti ikatafutwa, haikuonekana. Mashine ikarudishwa kazini, na siku chache baadaye, tarehe 11 Aprili, ikamuunguza mgonjwa mwingine, kwa hitilafu ile ile, mikononi mwa opereta yule yule.

Mazingira yote yalikuwa tayari kwa moja kati ya hukumu mbili: mashine ina jambo lisiloelezeka, au opereta yule ana walakini. Mfizikia wa hospitali alikataa zote mbili. Alikaa na opereta mbele ya kiwambo, wakarudia alichokuwa amekifanya, herufi kwa herufi, mara nyingi, mpaka wakaweza kuileta "Hitilafu 54" kila walipotaka. Siri ilikuwa kasi. Ikiwa marekebisho yalikamilika ndani ya sekunde nane hivi, wakati mashine ikiendelea kujipanga, programu haikuyaona. Wahandisi walikuwa wamechapa polepole, kama wachapavyo watu wasio na foleni ya wagonjwa nje ya mlango. Kibwengo alikamatwa kwa sababu mtu mmoja aliyekuwapo alikumbuka alichofanya, na mwingine alimuuliza bila kumtisha.

Turudi wodini, kwenye mashine iliyojizima. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani hupitisha hewa ndani ya punje za madini ya zeolaiti zinazonasa naitrojeni. Shirika la Afya Duniani linataka hewa inayotoka iwe na oksijeni isiyopungua asilimia 82. Chujio la nje likijaa vumbi, injini hupata joto. Unyevu ukipenya, punje huchoka. Umeme unapopanda na kushuka, kifaa cha ndani huungua kidogo kidogo kabla ya siku ya kuzimika. Na lililo baya kuliko kuzimika ni mashine kuendelea kunguruma, maji ya chupa ya unyevu yakichemka mapovu kama kawaida, huku kinachotoka kikiwa kimeanza kufanana na hewa ya dirishani, yenye oksijeni asilimia 21. Mapovu hupima mwendo wa hewa tu. Pasipo kifaa cha kupima oksijeni yenyewe, mtoto mwenye nimonia anaweza kushindwa kuchangamka usiku kucha, na ikadhaniwa kwamba ni ugonjwa umemzidi.

Hata kifaa cha kidoleni kinachopaswa kufichua hali hiyo kinaweza kudanganya. Kucha zilizopakwa rangi au hina nyeusi huweza kukipotosha, na vidole vya baridi pia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kiliashiria usalama ilhali damu ina upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kifaa kilikuwa kizima, kilitengenezwa hivyo.

Kwa nini basi haya hayaandikwi? Uvivu ni jibu jepesi, na ni uzembe tena kwa jina la tatu. Muuguzi wa zamu ya usiku anaelewa hesabu nyingine. Akiandika kwamba mashine ilizimika saa nane na robo, ameandika pia kwamba saa nane na robo alikuwapo yeye. Ukurasa huo unaweza kumrudia ukiwa barua ya kumtaka ajieleze, pengine na dokezo kwamba thamani ya kifaa itafutwe mahali fulani. Asipoandika, mashine imejizima, na hakuna anayeweza kuiandikia mashine barua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakutaja hali ambamo anayeyafichua ndiye anayeadhibiwa. Menejimenti inayotuma barua ya kujieleza kwa kila hitilafu iliyoripotiwa inanunua ukimya, na kwa bei kubwa.

Atatokea mtu wa kusema kwamba uzembe wa kweli upo. Upo. Wapo wanaolala zamu, na wapo wanaong'oa betri ya mashine na kuitia mfukoni. Hao wana taratibu zao za nidhamu, na daftari la hitilafu haliwakingi. Kinyume chake, betri inayopotea mara tatu huonekana mapema kwenye daftari lililotunzwa kuliko kwenye kumbukumbu za watu wanaoogopana. Lakini kuendesha wodi nzima kwa kumlenga mwizi mmoja ni kuwafanya watu kumi waaminifu wafiche hitilafu wasizozisababisha.

Mgonjwa na ndugu wanaomuuguza nao wana nafasi hapa, na mara nyingi hunyimwa. Wao ndio hukaa kando ya mashine saa zote, huku muuguzi mmoja akizunguka vitanda vingi. Sauti ikibadilika, mrija ukijikunja, taa nyekundu ikiwaka, wao huona kwanza. Hawapaswi kugusa kitufe cha kiwango cha oksijeni, hata kwa nia njema. Wanapaswa kuita, na wakiita wasikaripiwe. Ndugu aliyekaripiwa mara ya kwanza hataita mara ya pili. Na mgonjwa anayerudishwa nyumbani kwa maelezo kwamba mashine ya vipimo ni mbovu ana haki ya kuuliza, kwa adabu ile ile anayomuulizia daktari kuhusu dawa, iwapo ubovu huo umeripotiwa na lini fundi anatarajiwa. Hilo si ukorofi.

Nyenzo nyingine iko tayari katika kila chumba cha upasuaji kinachotumia orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008. Orodha hiyo imefuata mfano wa ile ya marubani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Watu hukumbuka sehemu zake za mwanzo: jina la mgonjwa, mahali pa kupasua, dawa ya kuzuia maambukizi. Mwishoni, kabla mgonjwa hajatolewa, lipo swali iwapo kuna tatizo lolote la vifaa linalohitaji kushughulikiwa. Huulizwa wakati kila mtu amechoka na anavua glavu, na ni rahisi mno kulijibu "hakuna" ilhali taa ilipepesa mara mbili katikati ya kazi. Lingehamishwa kutoka chumba cha upasuaji hadi wodini, liulizwe kila zamu inapokabidhiwa, wodi ingekuwa na Fomu 700 yake bila gharama kubwa kuliko daftari la mistari na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Mstari mmoja unatosha kwa kila hitilafu: tarehe na saa, namba ya mashine, kilichoonekana au kusikika, hali ya umeme wakati huo, alichofanyiwa mgonjwa, na nafasi tupu kwa fundi wa vifaa tiba kujaza alichokikuta. Mashine ikizimika mara tatu kati ya saa nane na saa tisa usiku, fundi ataanza na jenereta kabla hajafungua mashine. Jina la aliyekuwa zamu lipo tayari kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na halina haja ya kurudiwa katika daftari hilo.